Mtamba Mnene wa Asajile

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa buti mbili za mvua, zote za mguu wa kushoto. Stoo ya ofisi ya mifugo pale Tukuyu haikuwa na nyingine, na mvua ilikuwa inanyesha kwa utaratibu wake wa kawaida, yaani tangu juzi. Bwana Mifugo wa Wilaya, mtu mfupi aliyefunga tai hata akienda zizini, alinitazama miguu akasema, "Vaa hizohizo. Ng'ombe hatazami viatu." Haikupita saa nikawa nimelala ubavu kwenye banda moja la Ibighi, mkono umezama hadi begani ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, na yeye Bwana Mifugo amesimama mlangoni na mwavuli wake.

"Umeshika nini?" aliniuliza.

"Mguu, mzee."

"Wa mbele au wa nyuma?"

"Sijui, mzee."

"Basi usivute. Katika kazi hii usivute kabla hujajua unavuta nini."

Nilipapasa mpaka nikajua, nikavuta, na ndama akatoka mzima. Mwenye ng'ombe, mama mtu mzima, aliniletea maji ya moto na sahani ya ndizi za kuchemsha, kisha akanisindikiza hadi barabarani akisema, "Ndaga, tata, ndaga." Asante, baba. Mimi mwenye ndevu tatu nikaitwa baba na mtu wa umri wa mama yangu. Nilirudi nikichechemea kwa zile buti, kifua mbele. Nadhani shukrani ile ndiyo iliyoniharibu. Niliionja mapema mno, na tangu hapo kila nikisikia mtu anashukuriwa, najiuliza kwa nini si mimi.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaoingia kazini leo na pikipiki, simu, na glavu za plastiki zinazofika begani. Sisi tulitumia sabuni ya kipande. Lakini naandika pia kwa sababu ya vijana wa kwaya yetu, niliowakuta wakibishana baada ya mazoezi: je, matajiri wakubwa wana ukarimu wa kweli, au wanajionyesha tu? Waliniomba niamue, kwa kuwa nimetibu ng'ombe wa matajiri na ng'ombe wa maskini. Nilikohoa, nikasema nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote. Jibu langu lina aibu ndani yake, na aibu ya mzee haisemwi kwa kusimama mlangoni.

Kituo changu cha pili kilikuwa Lufingo, kulekule nilikozaliwa. Kazi kubwa ilikuwa kusimamia josho, lile shimo la maji ya dawa ambamo ng'ombe huogeleshwa ili kupe wafe. Kupe ndio wanaoleta ndigana kali, homa inayovimbisha tezi za shingoni na kumuua ng'ombe wa kisasa kwa siku chache. Vilima vya Lufingo nilivipanda kwa miguu, mkoba wa dawa begani, na kila nyumba niliyofika walinikaribisha vizuri, kisha wakaniuliza habari za Asajile.

Asajile na mimi tulianza darasa la kwanza siku moja, tukakaa benchi moja. Hesabu alikuwa ananakili kwangu. Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayewaambia. Mimi nilifaulu nikaenda kusomea mifugo, yeye akaenda kupakia ndizi kwenye malori ya watu. Baadaye malori yakawa yake. Baadaye tena akawa na nyumba ya wageni Ibighi, mashamba ya parachichi, na zizi la ng'ombe wa maziwa lenye sakafu safi kuliko sebule yangu. Nilipokwenda kutibu ng'ombe wake nilikuwa nafuta buti mlangoni bila kuambiwa, halafu nachukia kwamba nimefuta.

Kwetu Unyakyusa msiba si jambo dogo. Watu wanakaa siku kadhaa na ng'ombe wanachinjwa. Asajile hakukosa msiba hata mmoja. Alifika na ng'ombe nyuma ya gari, wazee wakainuka kumpokea, na maneno yakapita kwenye migomba kwamba Asajile amekuja. Mimi nilikuwa nimefika tangu alfajiri, maana kazi yangu nyingine ilikuwa kukagua nyama. Mnyama akishachinjwa unapasua ini, mapafu na tezi kuona kama ana ugonjwa kabla watu hawajala. Basi nachuchumaa na kisu changu juu ya majani ya mgomba, napasua ini la ng'ombe wa Asajile nikitafuta minyoo bapa. Nitasema wazi: nilitamani niikute. Sikuwahi kuikuta. Ng'ombe wake walikuwa wazima mpaka ndani.

"Nyama nzuri," natangaza.

"Asajile ni mtu kweli," watu wanajibu.

Hakuna aliyesema Ambakisye ni mtu kweli. Ambakisye ndiye mimi, niliyekuwa na damu hadi viwikoni tangu asubuhi ili watu mia wasiumwe matumbo. Nilijiambia kwamba kinachoniudhi ni uwongo wa dunia, kwamba mtu mwenye ng'ombe arobaini akitoa mmoja hajatoa kitu. Hoja ile ni nzuri, na mpaka leo naiona nzuri. Ila haikuwa hoja iliyoninyima usingizi. Ulikuwa wivu, wivu wa kawaida kabisa.

Nilipohamishiwa kata ya Kawetele, mkuu wangu alikuwa Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mama mmoja mkali kutoka Kanda ya Ziwa. Yeye ndiye aliyenifundisha uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu ya dume kwa mrija badala ya kuleta fahali. Mbegu inakaa kwenye mtungi wa naitrojeni, baridi ya kuunguza ngozi. Unaiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, kisha mkono mmoja unaingiza mrija na mkono wa pili, uliopita njia ya haja kubwa, unaishika shingo ya kizazi kwa ndani. Na lazima ng'ombe awe kwenye joto, yaani zile saa chache anazotaka dume. Ukizikosa unasubiri wiki tatu, na mfugaji anasubiri nawe akikutazama kwa jicho la kando.

Daktari ndiye pia aliyenifundisha habari ya pacha. Tulikuwa kwenye zizi la Asajile siku hiyo. Ng'ombe mmoja alizaa kwa shida. Nikatoa dume, na nilipoingiza mkono tena nikakuta mwingine, jike, mwenye baka jeupe kwenye nyonga ya kulia. Msimamizi wa zizi alifurahi. Daktari hakufurahi.

"Jike aliyezaliwa pacha na dume ni tasa," aliniambia tukinawa. "Si wote, lakini karibu wote. Damu zao zinachanganyika tumboni, na kizazi cha jike hakikui. Atanenepa, atapendeza macho, hatazaa. Huyo ni wa nyama. Na usije ukampa mtu tumaini la ng'ombe wa namna hii, Ambakisye. Ni ukatili."

Nilimweleza msimamizi, akaitikia. Baada ya miezi kadhaa aliacha kazi akarudi kwao Makete bila kumwambia mrithi wake. Daktari naye akahamishwa. Habari ya yule ndama ikabaki kichwani mwangu peke yangu.

Mama yake Asajile alipofariki, Asajile alitangaza kwamba atatoa mitamba sita kwa kikundi cha wajane wa Kawetele, kwa kumbukumbu ya mama. Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Huku kwetu ng'ombe wa namna hii wana utaratibu wa kupokezana: anayepewa anamtunza mtamba, ng'ombe anahimilishwa, na ndama jike wa kwanza anapelekwa kwa mjane anayefuata. Naye anayefuata anafanya vivyo hivyo. Anayepokea anashika kamba kwa mikono miwili na kumshukuru mtoaji kwa jina, kwa sauti, mbele ya watu. Na jina hilo ni la mtoaji wa kwanza, hata kama ndama amepita mikono kumi.

Siku ya kukabidhi kulikuwa na hema, viti vya plastiki na kwaya. Mimi nilitakiwa kukagua. Nilipita mtamba mmoja mmoja: macho, ufizi, kiwele, kwato. Wa tano alikuwa mnene kuliko wote, manyoya yanang'aa, na kwenye nyonga ya kulia alikuwa na baka jeupe. Nilimjua papo hapo. Nilimpima kwa kidole kama nilivyofundishwa, nikakuta njia ni fupi na imeishia pasipo na kitu.

"Vipi, Bwana Mifugo?" Asajile aliniuliza mbele ya watu wote. Alikuwa amevaa suti nyeusi ya msiba. "Wazima?"

Nawaomba mnielewe jinsi mawazo yalivyopita, maana yalipita haraka. Niliwaza: anajua. Matajiri ndivyo walivyo, wanatoa kile wasichokihitaji, wanaita sadaka. Niliwaza: nikimkataa ng'ombe huyu, Asajile ataleta mwingine na atapigiwa makofi mara mbili. Nikikaa kimya, watu watangoja ndama, hatakuja, ndipo wataujua ukarimu wake ulivyo. Mjane atakayempata ng'ombe huyo sikumwaza hata kidogo.

"Wazima wote," nikasema.

Mtamba mnene aliangukia kwa Mama Sekela. Mama huyu alikuwa mjane mwenye shamba dogo la migomba, na binti mmoja, Sekela, aliyeolewa Kyela. Tangu mumewe afe hakuwahi kuwa na mnyama zaidi ya kuku. Alishika kamba kwa mikono miwili, akamshukuru Mzee Asajile mpaka sauti ikakatika. Akampa ng'ombe jina la Ndaga, yaani Asante.

Miaka miwili nilimwona Mama Sekela akihangaika na yule ng'ombe. Aling'oa theluthi ya migomba yake akapanda majani ya gwatemala, malisho ya ng'ombe. Asubuhi mzigo mmoja kichwani, jioni mzigo mwingine, na mvua zetu mnazijua. Kila nilipopita aliniita kwenye uzio.

"Tata, leo amelia kidogo. Si joto hilo?"

"Hapana, mama. Hiyo ni njaa tu."

"Wenzake wameshapandishwa."

"Tungoje. Bado hajakomaa."

Alikuwa amekomaa mpaka anatingisha banda. Mama Sekela alikuwa anapungua, ng'ombe ananenepa, na mimi nangoja aibu ya Asajile. Kila jioni nilijiambia nitasema kesho. Mnajua kesho ya mtu mwenye kosa ilivyo.

Wale watano wengine walizaa. Akina mama waliokuwa wakingoja zamu wakaanza kunong'ona kwamba Mama Sekela hamlishi ng'ombe, au ana mkono mbaya, na wengine wakasema mambo ambayo watu wa kanisani hawapaswi kuyasema juu ya mjane. Mwishowe mwenyekiti wa kikundi akaitisha kikao kwenye uwanja wa kanisa. Ajenda ilikuwa moja: Mama Sekela anyang'anywe ng'ombe na atolewe kwenye kikundi.

"Bwana Mifugo," alisema mwenyekiti, "wewe ndiye mtaalamu. Kosa ni la mama au la ng'ombe?"

Mama Sekela alikuwa amekaa chini, anaitazama mikono yake. Ilikuwa imechanikachanika kwa majani ya gwatemala, yana makali yale.

"La ng'ombe," nikasema. "Ni tasa."

"Tasa? Si wewe uliyemkagua?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilisema, "Jambo hili wakati mwingine hujitokeza baadaye." Daktari angenisikia angenichapa kwa mrija.

"Kumbe Mzee Asajile alitupa tasa!" alisema mama mmoja nyuma.

Sentensi hiyo niliingoja miaka miwili. Ilinifikia masikioni, nikasubiri nifurahi. Lakini Mama Sekela alikuwa ameshasimama.

"Msiseme hivyo," alisema. "Mtu ametoka kumzika mama yake, akatukumbuka sisi. Wangapi mlinikumbuka? Kama kuna kosa, liwe langu. Mzee Asajile msimguse."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nami, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni hakikuwa huruma kwa mama yule. Niliwaza: hata tasa wake anashukuriwa! Mimi nimevuta ndama wa kata nzima kwa mkono huu, hakuna aliyewahi kunisimamia namna hiyo. Huruma ilikuja baadaye, nikiwa njiani, na ilipokuja nililazimika kukaa juu ya jiwe.

Kikao kilimpa Mama Sekela mwezi mmoja kabla ya uamuzi, na mimi nikatumwa kumweleza Asajile. Nilimkuta kwenye nyumba yake ya wageni Ibighi.

"Gwe, Ambakisye!" alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu, ndugu yangu. Leteni chai huku, ya maziwa." Gwe ni wewe, kwa Kinyakyusa, humwiti hivyo ila mtu wako.

Nilimuuliza, kama mtu anayepiga soga, "Wale mitamba wa wajane, uliwachagua mwenyewe?"

"Mimi najua ng'ombe?" Alicheka. "Nilimwambia msimamizi atoe wazuri. Nikaona mmoja mnene, nikasema huyo lazima awemo. Mama alipenda sana ng'ombe wanene. Kwani kuna shida?"

Niliweka kikombe mezani. Alimtoa yule akidhani ni bora kuliko wote. Kumbe hakujua, aliyejua nilikuwa mimi.

"Kama kuna aliyepungukiwa," aliendelea, "chukua mwingine zizini, mpelekee. Usiniulize hata. Wewe panga tu."

Aliyasema huku anasoma ujumbe kwenye simu. Mtamba mzima, ambaye Mama Sekela angemlilia miaka, alitolewa kati ya ujumbe mmoja na mwingine. Je, huo ni ukarimu? Mimi nikimwazima mtu hata jembe, nalihesabia siku. Nilikuwa karibu kabisa na jibu jepesi: sema ndiyo, twende zizini, mambo yaishe. Lakini niliiona Kawetele yote ikimwimba Asajile tena, na safari hii kwa dhambi yangu mimi. Sikuweza.

"Hapana," nikasema. "Hakuna aliyepungukiwa."

Nyumbani tulikuwa na ng'ombe wawili: mzee mmoja aliyekuwa amechoka kuzaa, na binti yake Pili, mtamba mwenye nyota usoni na mimba ya miezi mitano, niliyemhimilisha mwenyewe. Nilimweleza mke wangu kila kitu, tangu lile baka jeupe. Alinisikiliza huku anamenya ndizi. Alipomaliza ndizi zote alisema, "Mpeleke Pili. Ila usije ukaninunia humu ndani. Ukishatoa, umetoa."

Asubuhi nilimshika Pili kamba tukateremka hadi Kawetele. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mama Sekela, ng'ombe huyu ni wangu. Nilikukosea. Niliyakariri kama mtoto wa kipaimara. Lakini yeye alituona tungali mbali, akatupa mzigo wa majani chini, akaja mbio.

"Nilijua!" alilia. "Nilijua Mzee Asajile hawezi kuniacha! Njooni muone!"

Akina mama wakatoka migombani kwa vigelegele. Nikafungua kinywa. Nikisema ni wangu, wataniuliza kwa nini nimpe. Nikisema kwa nini, nimekwisha. Mama Sekela akapokea kamba kwa mikono miwili na kushukuru kwa sauti, kwa jina, kama utaratibu unavyotaka. Jina alilotaja halikuwa langu.

"Mpokee, mama," nikasema. Basi.

Ndaga alichinjwa Krismasi ile na kikundi kikagawana nyama. Nililipasua ini lake kwa uangalifu. Lilikuwa safi.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Ofisi ilinipa cheti na saa ya ukutani, na mkuu wangu wa mwisho, kijana mpole, alisema maneno mazuri ambayo nusu yake yalinihusu. Yule ng'ombe wetu mzee akafa kwa uzee. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu banda langu likawa tupu, nikawa naweka kuni. Na kila siku, nikisingizia kunyoosha miguu, nilipita kwenye uzio wa Mama Sekela. Pili akinisikia analia na kusogea.

"Ng'ombe huyu wa Mzee Asajile anakupenda," Mama Sekela aliniambia.

"Ng'ombe wote wananijua, mama. Ndiyo kazi yangu."

Pili alizaa jike, mwenye nyota usoni. Ndama alipoacha kunyonya, mwenyekiti wa kikundi alikuja kwangu na wenzake wawili, wamevaa sare. Walisema wajane wote wa zamu ile wameshapata. Walisema wamekaa wakakumbuka kwamba Bwana Mifugo amewahudumia miaka yote na sasa hana hata mkia bandani. Aliyetoa wazo, walisema, ni Mama Sekela mwenyewe.

Nilikataa. Wakasema, unyenyekevu gani huo. Nilikataa tena, mke wangu akanikanyaga mguu.

Basi Jumapili baada ya ibada nikasimama kwenye uwanja wa kanisa, palepale nilipodanganya, na Asajile alikuwepo, mgeni rasmi, nywele zimekuwa nyeupe kama zangu. Wao walitaka yeye mwenyewe anikabidhi. Alipokuwa ananipa kamba aliinama karibu na sikio langu, na machoni alikuwa na uchungu wa kweli, sikuwahi kuuona hivyo.

"Ambakisye," alininong'oneza, "kumbe huna ng'ombe? Kwa nini hukuniambia, ndugu yangu? Mimi ningekupa."

Nilijua angenipa. Kitu kimoja ninachoweza kuwaambia vijana wa kwaya kwa uhakika ni hicho: angenipa, na wiki ya pili asingekumbuka. Maandiko hayakuniambia kama huo ni ukarimu au si ukarimu, na mimi si mchungaji. Ninachojua ni cha zizini. Ng'ombe aliyetolewa bila kufikiriwa hukamuliwa maziwa yaleyale kama aliyetolewa kwa machozi. Mimi nilitoa mmoja maisha yangu yote, na nikamfuata kila siku hadi kwenye uzio wa watu kuona kama kuna atakayegeuka aniambie asante.

Watu walikuwa wananingoja. Mama Sekela alikuwa mstari wa mbele, anatabasamu, mikono yake imepona. Nilishika kamba kwa mikono miwili.

"Namshukuru Mzee Asajile," nikasema.

"Hatusikii huko nyuma!" akapiga kelele mtu mmoja kwa utani.

"Namshukuru Mzee Asajile!" nikasema kwa sauti, na vigelegele vikapanda mpaka kwenye mabati ya kanisa.

Mke wangu alitupokea mlangoni. Alimtazama ndama usoni, akaishika ile nyota kwa kidole, akacheka mpaka akaegemea nguzo ya banda.

"Mjukuu wetu amerudi nyumbani," alisema. "Umemshukuru mwenyewe vizuri?"

"Mara mbili."

Alifuta machozi ya kicheko kwa kitenge, kisha akauliza kwa upole, "Na huyu naye akizaa jike?"

"Atakwenda kwa mwingine. Ndiyo utaratibu."

"Kwa jina la nani?"

Ndama alikuwa na njaa, analamba mkono wangu. Nilichukua panga nikaenda kukata majani.